Naazima tu, Ijumaa narudisha

Hii nawaandikia watu wanaoshika hela za wenzao. Wahazini wa kwaya, wa vikoba, wa jumuiya, wa kamati za harusi, yule dada wa ofisini ambaye kila kukitokea msiba michango inapita kwake, yule kaka anayekusanya hela ya jezi za timu ya mtaa. Mko wengi na hakuna anayewahubiria. Mahubiri ya majaribu niliyosikia toka niko shule ya Jumapili, zaidi ya nusu ni zinaa, inayofuata ni pombe, na siku hizi imeongezeka kubeti, kila mchungaji ana mfano wake wa mkeka uliochanika. Sipingi, hayo yapo na yanaua watu. Ila mi ni mhazini wa kwaya na jaribu langu halina sketi fupi wala chupa. Lina namba ya siri ya tarakimu nne.

Mtu akidakwa amekula hela ya kikundi utamsikia, jamani shetani kanipitia. Na sisi tunatikisa vichwa, tunaelewa, utadhani shetani ni daladala, ilikuwa inapita zake ikamkuta mtu kituoni ikambeba. Yakobo hakubaliani na hii lugha kabisa. Yeye kaandika "kila mmoja hujaribiwa na tamaa yake mwenyewe huku akivutwa na kudanganywa" (Yakobo 1:14). Yake mwenyewe! Kwaiyo jaribu langu mimi linaweza lisimguse jirani yangu hata kidogo na la kwake likaniacha mi nasinzia. Niwekee bia baridi mezani nitakuomba soda na tutaongea mpaka usiku, wala sijisifii, sina tu kiu hiyo. Ndo mana mtu anaweza akawa shujaa kanisani miaka na miaka kwa sababu tu anahubiriwa majaribu ya watu wengine.

Sasa turudi kwenye hela, na naomba nianze na sanduku.

Waliowahi kuwa kwenye kikoba cha zamani wanalijua lile sanduku la bati. Mfumo wa vile vikundi ulianzia Niger mwaka 1991, shirika la CARE likiwa na akina mama wa vijijini, ukasambaa ukafika na kwetu. Lile sanduku lina kufuli tatu. Funguo tatu wanashika watu watatu tofauti, na yule anayelala na sanduku kwake hashiki ufunguo hata mmoja. Hela inahesabiwa mbele ya kila mtu, kwa sauti, na kabla ya kufunga kikao wanachama wanaambiwa salio walikariri kichwani, kikao kinachofuata mtu anaulizwa tulifunga na shilingi ngapi, akijibu ndo wanafungua. Bibi asiyejua kusoma anaweza kumkagua mhazini mwenye digrii.

Nilikuwa naona ule ni utaratibu wa kutokuaminiana. Watu mmeokoka, mnaimba pamoja, mnazikana, alafu mnafungiana makufuli? Siku hizi naona aliyebuni lile sanduku, awe alikuwa anasali au hasali, alimwelewa mwanadamu kuliko semina nyingi nilizokaa. Zile kufuli hazikusubiri mtu ajaribiwe ndo zije kumsaidia, zilikuwepo mchana kweupe wakati kila mtu ana akili zake timamu. Na zilikuwa zinamlinda mwenye sanduku kuliko zilivyokuwa zinalinda hela, mana hata mtoto akiugua usiku wa manane na ile hela iko chini ya kitanda, hawezi kuanza kujadiliana nayo.

Alafu ikaja simu. M-Pesa ilianza Kenya Machi 2007, mwaka uliofuata ikawa imefika Tanzania, na baada ya muda vikundi vingi tukaona sanduku la nini, linaibwa, kikao chenyewe watu hawaji. Mhazini si ana laini, tumtumie tu. Hakuna kikao hata kimoja ambacho watu walikaa wakasema tunapendekeza tuondoe kufuli mbili tubaki na moja na ufunguo alale nao yeye mwenye sanduku. Ila ndo kilichotokea. Hela ya sare za kwaya yetu, ya kitenge na mshonaji, ilikuwa kwenye laini yangu ile ile ninayonunulia LUKU na kutuma hela ya dawa kwa mama Moshi.

Salio lilikuwa milioni moja na laki sita na ushee. Baba mwenye nyumba wangu anataka miezi sita, laki na nusu kwa mwezi, laki tisa. Mi nilikuwa na laki tano. Yeye alishatuma meseji ya kwanza ya kistaarabu na ya pili isiyo ya kistaarabu sana.

Hapa nataka nikae kidogo kwa sababu hapa ndo penyewe. Jaribu lilivyokuja halikusema iba. Lingesema iba ningelicheka. Lilikuja na hesabu, tena hesabu nzuri, mi mwenyewe ofisini sijawahi kupiga hesabu safi namna ile. Laki nne tu naazima. Mshahara Ijumaa. Mshonaji hajaomba hela mpaka mwisho wa mwezi. Narudisha na ya kutolea juu. Kwaya haitapoteza hata shilingi. Tena (hii ndo iliyonishangaza) lilikuja na huruma, likaniambia unajua ukifukuzwa nyumba utahamia mbali utashindwa kuja mazoezi, kwaiyo hata kwaya itaumia. Yani nikajikuta nakaribia kuiba kwa faida ya kwaya.

Na sauti ilikuwa yangu. Hiki kitu watu hawasemi. Tumelelewa kudhani jaribu litakuja na sauti nzito ya kwenye filamu za Kinaijeria, na moshi. Linaongea kama wewe unavyoongea, linajua jina la mshonaji, linajua tarehe za mshahara, lina mpaka utani wako. Njia pekee niliyoiona ya kulitambua ni kuangalia kile ambacho hesabu haikukitaja, na mara zote kuna kitu haikukitaja. Yangu haikutaja kwamba ule mshahara wa Ijumaa ulishagawanywa kabla haujaingia, ada, deni la dukani, nauli, ungebaki na nini cha kurudisha laki nne? Haikutaja kwamba wenye hela ni watu kama thelathini na mmoja wao ni mama ntilie aliyekuwa anatoa elfu mbili mbili. Hesabu ilikuwa imenitaja mimi tu, kila mstari.

Alafu baada ya hesabu ikaja haki. Kwani nauli ya kwenda Kariakoo kuulizia vitenge nilirudishiwa? Vocha za kuwapigia watu wasiolipa nani alinipa? Hii namwita Gehazi. Soma 2 Wafalme 5 taratibu, Naamani amepona ukoma, analeta zawadi, Elisha anakataa, na yule mtumishi wake amesimama pembeni anaona mali inaondoka. Anajisemea moyoni kwamba bwana wake amemwachilia yule Mshami hivi hivi, "kama BWANA aishivyo, mimi nitapiga mbio nimfuate, nipokee kitu kwake". Anaapa kwa jina la Mungu! Anakwenda kutapeli na anaapa kwa Mungu, ndo ujue wizi wa mtu wa kanisani unavyoanza, unaanza na hasira takatifu. Na akifika kwa Naamani haombi kwa ajili yake, anasema kuna vijana wawili wageni, wana wa manabii, wanahitaji. Kila mtu anayeshika hela ya huduma aisome hiyo sura angalau mara moja kwa mwaka. Akirudi anaulizwa watoka wapi Gehazi, anajibu mtumwa wako hakuenda mahali. Swali dogo tu la watoka wapi limemshinda.

Na usiri. Akani alivyobanwa pale Yoshua 7 alitoa maelezo ambayo polisi wangependa kila mtuhumiwa atoe. Kwenye nyara aliona vazi zuri la kutoka Shinari, shekeli mia mbili za fedha na kabari ya dhahabu ya shekeli hamsini. Akaviona, akavitamani, akavitwaa, na vimefichwa mchangani katikati ya hema. Hatua nne, na nikiziangalia naona sisi tunapigana kwenye ya tatu, kwenye kutwaa, pale ambapo kidole kishafika kwenye namba ya siri. Lakini ile ya nne ndo inakupa taarifa mapema, kwa sababu mtu huwa anaanza kupanga kuficha kabla hajachukua. Nilivyoshtuka kwamba nishaanza kufikiria nitamjibu nini katibu akiomba nimtumie picha ya salio, hapo ndo nilijua hili sio wazo la kuazima. Kuna kipimo nimejiwekea tangu hapo na nakigawa bure: liandike kwenye grupu. "Wapendwa nimechukua laki nne ya sare nimelipa kodi narudisha Ijumaa." Ukiweza kulituma hilo, ni mkopo, omba kwa utaratibu. Ukiona vidole vimegoma, basi.

Kuna mmonaki wa zamani anaitwa Evagrius, aliishi jangwani Misri akafariki mwaka 399. Kabla ya hapo alikuwa shemasi Konstantinopoli, mhubiri anayesikilizwa, akajikuta anampenda mke wa mtu, tena mke wa kigogo, na suluhisho lake halikuwa kufunga na kuomba akiwa mtaa ule ule, alipanda meli akaondoka mji. Huko jangwani baadae akaandika orodha ya mawazo manane yanayomsumbua mtu, ile ambayo karne mbili mbele Papa Gregori aliipangua ikawa zile dhambi saba tunazozisikia. Moja ni kupenda fedha. Ungedhani atasema mtu anaota majumba na ngamia. Hasemi hivyo. Anasema wazo la kupenda fedha linakuletea picha ya uzee mrefu, mikono isiyoweza tena kazi, njaa inayokuja, magonjwa, na aibu ya kupokea mahitaji yako kutoka kwa wengine.

Nilipofika hapo kwenye aibu nilisimama. Kwa sababu mi usiku ule sikuwa nataka gari wala shamba. Nilichokuwa sitaki ni kumpigia baba mwenye nyumba nikaanza kubembeleza, au kumpigia kaka nimwambie nimepungukiwa tena. Ningekuwa tayari kuchukua hela za watu thelathini bila kuwaambia ili nisimwambie mtu mmoja sina. Ukiiangalia kwa mwanga ni ujinga mtupu, ila saa nne usiku ilikuwa inaitwa heshima.

Na ndo mana jangwani Ibilisi alianza na mkate. Yesu kafunga siku arobaini, ana njaa kweli, na mkate sio dhambi. Baadae mwenyewe atalisha watu elfu tano mikate. Hitaji lilikuwa halali kabisa. Kilichokuwa kinauzwa pale ni njia ya mkato, lijibu hitaji lako mwenyewe, peke yako, sasa hivi, bila Baba. Ukishaona hivyo unaacha kujilaumu kwa kuwa na shida. Kodi sio dhambi. Ada ya mtoto sio dhambi. Wengi tukijaribiwa tunaanza kupambana na hitaji lenyewe, tunajiambia ni tamaa ya dunia, kumbe hitaji linataka kusemwa kwa mtu, na likikaa kimya muda mrefu ndo linaota meno.

Angalia hata sala tunayoisema kila siku mpaka hatuisikii. Utupe leo riziki yetu. Utusamehe deni zetu. Na usitutie majaribuni. Riziki, deni, majaribu, yamefuatana hivyo hivyo. Aliyeifundisha ile sala alikuwa anawajua watu wenye njaa na wenye madeni, alijua wapi mstari wa pili unapoishia na wa tatu unapoanza. Mtu aliyebanwa na mikopo ya kausha damu akifika kwenye usitutie majaribuni anajua anaomba nini.

Basi nikampigia mwenyekiti wetu, mama mmoja mtu mzima, mwalimu mstaafu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Kwema saa hizi?"

"Kwema. Naomba nikuhamishie hela ya sare. Yote. Sasa hivi."

Akanyamaza kidogo. "Kuna nini?"

"Nadaiwa kodi."

Nilitegemea mstari wa Biblia. Alichoniambia ni, "Hamisha. Makato yatoke humo humo kwenye ya kwaya, nitayaeleza mwenyewe kikaoni. Unadaiwa shingapi?" Nikamwambia. Akaniuliza nina ngapi. Nikamwambia laki tano. "Sasa wewe laki tano si miezi mitatu na chenji? Ulishamuuliza kama anapokea miezi mitatu?" Sikuwa nimemuuliza. Asubuhi nikamuuliza, akalalamika sana, akasema wapangaji wa siku hizi, akapokea.

Sielezi hii ili ionekane rahisi. Wengine baba mwenye nyumba anakataa. Ila nimeisimulia kwa sababu ya ule mlango. Paulo anasema Mungu "pamoja na lile jaribu atafanya na mlango wa kutokea" (1 Wakorintho 10:13) na mi miaka yote nilikuwa nauwazia ni mlango wa utukufu, malaika, hela kutumwa kimuujiza na namba usiyoijua. Mlango wangu ulikuwa mfupi inabidi uiname, ulikuwa na sura ya mama mwenye kilemba atakayejua kwamba nimepungukiwa. Nadhani wengi hatupiti sio kwamba hatuuoni, ni kwamba tunaona tukipita hapo tutachafuka sifa.

Ni vizuri pia kuangalia huyo Paulo mwenyewe alikuwa anashikaje hela. Alikuwa anakusanya mchango mkubwa wa makanisa kwa ajili ya watakatifu wa Yerusalemu. Mtume, mtu aliyeona maono, aliyepigwa mawe kwa ajili ya injili, kama kuna mtu wa kuaminiwa na begi ni yeye. Soma 2 Wakorintho 8 mwishoni. Anamtuma Tito, na pamoja naye ndugu mwingine ambaye makanisa ndio waliomchagua, na ndugu wa tatu tena. Anasema wazi anataka mtu asije akawalaumu kwa habari ya karama ile, anafikiri yaliyo mema si mbele za Bwana tu ila na mbele ya wanadamu. Watu watatu. Sanduku la bati kabla ya sanduku la bati. Upande mwingine kuna mhazini wa wale kumi na wawili aliyekuwa anashika mfuko peke yake, na Yohana 12:6 hakumung'unya maneno, alikuwa anavichukua vilivyotiwa humo. Sisemi mfuko ndo ulimfanya Yuda awe Yuda. Ila alianza na visenti.

Kwaiyo nikisikia kwenye kikao mtu anasimama na kukemea roho ya wizi kwenye kwaya, nasema amina alafu naomba tuongeze majina mawili kwenye idhini ya kutoa hela. Siku hizi zipo akaunti za vikundi za kwenye simu ambazo muamala hauendi mpaka viongozi zaidi ya mmoja waukubali. Zinachelewesha, ndiyo. Kuchelewesha ndo kazi yake. Yusufu naye alikuwa mtunzaji wa mali, Potifa alimwachia vyote mpaka akawa hajui kilichomo ndani isipokuwa chakula anachokula, na siku ile mke wa Potifa alipomshika nguo hapakuwa na mtu mwingine nyumbani. Hakubaki kujadiliana. Aliacha nguo akatoka nje. Nguo ilimponza, ikawa ushahidi wa uongo, akafungwa, kwaiyo hata hili la kwamba ukishinda jaribu mambo yatanyooka tusidanganyane.

Tulipopeleka hoja ya idhini za watu watatu kwaya, ilizua maneno. Kuna mzee wetu wa besi, mtu ninayemheshimu sana, alikasirika kabisa, akasema katika maisha yake yote hajawahi kugusa hela ya mtu na hataki kuingizwa kwenye utaratibu wa kushukiwa. Namwelewa. Lakini ni watu wale wale, na mi nikiwemo, ambao kila mwaka mwezi wa nne ripoti ya CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, ikitoka tunashinda mitandaoni tunasema wezi hawa, hakuna mifumo, watu wanajilipa, na daftari la kwaya yetu lilikuwa halijasomwa mbele ya wanachama tangu sare za zamani. Hoja ilipita, kwa kura chache.

Kuna wanaosema dawa ni kuungama hadharani, na wana historia nyuma yao. Ule uamsho wa Afrika Mashariki uliowaka Gahini, Rwanda, miaka ya 1930, ukaenda Uganda kwa wale waliokuja kuitwa Balokole, ukafika Bukoba na Kenya, ulikuwa na kitu wanakiita kutembea nuruni. Watu walikuwa wanasimama kwenye ushirika wanataja dhambi kwa jina, na hawaishii kutaja, wanarudisha, mtu anarudisha vitu alivyoiba kwa mwajiri wake. Nalipenda sana hilo la kurudisha. La kutaja kila kitu mbele ya kila mtu silipendi sana, nimeona jumuiya ambazo ungamo la Jumatano ni umbea wa Alhamisi. Mtu mmoja anatosha, ila awe mtu ambaye anaweza kukuuliza tena wiki ijayo bila aibu, na awe na uwezo wa kuzuia kitu, sio wa kusikitika tu. Rafiki anayekuambia pole, hata mimi, alafu mnaagiza chipsi, huyo hajakusaidia.

Jingine ni la saa. Hili jaribu lina saa zake na mi zangu nazijua, ni usiku baada ya kula, simu mkononi, mwisho wa mwezi. Asubuhi saa mbili niko sawa kabisa, ningeweza kushika hazina ya taifa. Daudi naye ile habari yake na Bathsheba inaanza wakati wa jioni, ameinuka kitandani anatembea juu ya dari, tena msimu ambao wafalme wanatoka kwenda vitani na yeye kabaki Yerusalemu. Luka anasema Ibilisi alipomaliza pale jangwani alimwacha Yesu akaenda zake kwa muda. Kwa muda tu. Kwaiyo hata laini ya kwaya sasa hivi haiko kwenye simu yangu, iko kwenye kisimu cha batani kwa katibu, na namba ya siri hajui yeye, tunajua mimi na mwenyekiti. Wanatucheka. Poa tu.

Sasa kuna mmoja anasoma hapa na yeye alishachukua. Ijumaa ilishapita, nyingine imepita, na siku ya kuvunja kikoba inakuja Desemba. Kikundi kimoja nakifahamu, sitakitaja, mhazini alikuwa mwanamama mwenzao wa kanisani, siku ya kuvunja hela haipo. Wenzake walienda kwake wakabeba makochi, tv na jiko la gesi, mtoto alikuwa amekaa kwenye kochi wakamwambia shuka. Watu waliokuwa wamesali naye Jumapili. Hela yao ilikuwa halali yao na hasira yao naielewa, kuna mmoja pale alikuwa anategemea ile hela kwa ada ya kidato cha kwanza. Ila Wagalatia 6:1 inasema mrejezeni kwa roho ya upole, ukijiangalia nafsi yako usije ukajaribiwa wewe mwenyewe, na sijui ni yupi kati ya waliobeba kochi alikuwa anajiangalia. Huyo mama hasali tena pale. Nasikia alihamia Mbagala.

Ushauri wangu kwa anayesoma: sema kabla ya Desemba. Sema kwa mwenyekiti, na kiasi kamili, usiseme nusu ukabakiza nusu kwa ajili ya aibu ya baadae. Njoo na karatasi ya marejesho hata kama ni elfu kumi kwa wiki. Na usiende kukopa kausha damu ili uzibe, utakuwa umehamisha shimo tu.

Na kikundi nacho kifanye nini na mtu kama huyo? Hapa mi na mzee wa besi tunabishana mpaka leo. Mi nasema alipe, tumsamehe, arudi jumuiyani, aimbe sauti yake ile ile, ila mfuko asishike tena. Yeye, huyo huyo aliyekataa idhini za watu watatu, anasema aliyesamehewa kasamehewa, apewe na mfuko. Ananiletea Petro. Alimkana Bwana mara tatu mbele ya moto wa makaa, na Yohana 21 hakurudishiwa tu uanafunzi, aliambiwa lisha kondoo zangu, kazi yenyewe. Hapo huwa ananibana, sikatai. Nikamwambia sawa mzee, lakini Petro huyo huyo akiwaandikia wazee wa kanisa anajiita mzee mwenzi wao, halishi peke yake. Akaniuliza kwaiyo nakubali? Nikamwambia apewe ufunguo mmoja.